Chenji, trei za mayai na chupa ya chumvi: biashara inavyojifunzwa mpakani

Neno bodaboda lilizaliwa Busia. Katika miaka ya 1960 na 1970, aliyetoka upande wa Kenya kwenda Uganda, au aliyerudi, alilazimika kukitembea kwa miguu kipande kirefu kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi ya pili, mzigo ukiwa kichwani. Vijana wenye baiskeli wakaliona hilo. Wakafunga mto nyuma ya kiti na kuanza kuita abiria kwa neno la Kiingereza walilolitamka kwa ulimi wa kwao: boda, boda, yaani kutoka mpaka huu hadi ule. Leo baiskeli nyingi zimekuwa pikipiki, kazi yenyewe inalisha familia katika kila nchi ya ukanda huu, na neno limeingia hata katika kamusi za Waingereza.

Hakuna aliyewaita vijana wale semina. Walichokuwa nacho ni macho na baiskeli. Waliona kila siku kitu ambacho kila mtu alikiona, watu wamechoka na njia ni ndefu, wakajiuliza nani angelipa ili asitembee.

Nimeanza na hao kwa sababu neno ujasiriamali, kadiri linavyozidi kutajwa katika mikutano, limezidi kuwa neno la hotelini. Mfanyabiashara mdogo anaambiwa aende akajifunze ujasiriamali kwa siku tatu, apewe kalamu, soda na cheti, kisha arudi kwenye meza yake ya vitunguu. Siku hizo tatu meza imefungwa na wateja wamehamia kwa jirani. Mafunzo si mabaya. Ila ujuzi mwingi wa biashara unapita mikononi mwako kila siku unapohesabu, unapobadilisha fedha, unapoanika mahindi na unapobishana bei. Tatizo ni kwamba unapita bila kushikwa.

Watafiti wamelipima jambo hili. Huko Dandora, Nairobi, wanawake vijana wenye biashara ndogo waligawanywa katika makundi. Wengine walifundishwa darasani mambo ya hesabu na mipango. Wengine waliunganishwa na wanawake wakubwa kwao, wafanyabiashara waliofanikiwa katika mtaa uleule, wakawa wanakutana na kuzungumza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba darasa halikuongeza faida, lakini waliopata dada wa kuwaongoza walipandisha faida kwa wastani wa asilimia 20. Siri haikuwa kubwa. Wengi walielekezwa wapi pa kununua mali kwa bei nafuu. Ni aina ya habari ambayo mkufunzi kutoka mbali hawezi kuwa nayo.

Togo nako, katika jiji la Lomé, wafanyabiashara wadogo 1,500 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili. Waliofundishwa masomo ya kawaida ya uhasibu na masoko walipata ongezeko la faida la asilimia 11, ambalo watafiti hawakuweza kulitofautisha na bahati tu. Waliofundishwa tabia ya kujituma, yaani kutafuta nafasi kabla mwingine hajaiona, kutofanana na jirani na kutokata tamaa mara ya kwanza, walipata asilimia 30. Utafiti huo ulitoka mwaka 2017. Vijana wa baiskeli wa Busia wasingeshangaa.

Basi tushuke sokoni.

Mteja aliyeondoka kwa kukosa chenji

Ni saa moja asubuhi, mteja wa kwanza anataka nyanya za shilingi hamsini na mkononi ana noti ya elfu moja. Unamwambia asubiri. Unakwenda kwa jirani, jirani hana, unakwenda kwa mwenye kibanda cha simu. Ukirudi, mteja ameshanunua kwingine, au yupo lakini wengine wawili waliokuwa nyuma yake wamekwenda. Jambo hili ni la kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayelihesabu.

Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walilihesabu. Mwaka 2014 walichapisha kwamba wafanyabiashara wadogo waliowafuatilia walikuwa wakipoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yao yote kwa sababu hawakuwa na chenji ya kutosha. Kilichonivutia zaidi ni dawa yenyewe. Kwa baadhi yao, watafiti walifanya jambo moja tu: kuwatembelea kila wiki na kuwauliza wamepoteza mauzo mangapi kwa kukosa chenji. Kuulizwa tu kulitosha kubadili tabia. Wakaanza kuja sokoni na sarafu na noti ndogo.

Hakuna haja ya kumsubiri mtafiti. Weka alama kwenye kipande cha boksi kila mteja anapoondoka kwa kukosa chenji. Fanya hivyo kwa wiki moja. Mpakani hesabu huwa kubwa kuliko sokoni ndani ya nchi, kwa kuwa chenji inatakiwa kwa fedha mbili, na mteja wa upande wa pili akirudishiwa fedha asiyoitaka kwa kiwango asichokipenda, kesho hatapita kwako. Simu za kutuma fedha zimepunguza tatizo hili lakini hazijalimaliza; kwa nyanya za shilingi hamsini, wengi bado hutoa noti.

Faida iliyoliwa njiani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumeusikia tangu utotoni, na pengine ndiyo sababu hautushtui tena. Tuuvalishe namba. Namba zenyewe ni za mfano tu, weka zako.

Mama mmoja ananunua Uganda trei 100 za mayai, kila trei kwa shilingi 10,000 za huko. Ametumia milioni moja. Anavuka na kuziuza Kenya kwa shilingi 400 za Kenya kila trei. Kichwani mwake anajua shilingi moja ya Kenya ni sawa na 28 za Uganda, kwa hiyo mauzo ni 40,000 mara 28, yaani 1,120,000. Faida ni 120,000. Anarudi nyumbani na furaha.

Sasa tumfuate kwa daftari. Trei mbili zilipasuka barabarani, kwa hiyo aliuza 98 akapata shilingi 39,200 za Kenya. Yule kijana wa kubadilisha fedha hakumpa 28. Alimpa 27, kwa sababu naye anaishi kwa tofauti hiyo. Mkononi ana shilingi 1,058,400 za Uganda. Toa milioni moja ya mtaji, zimebaki 58,400. Toa 25,000 za usafiri, zimebaki 33,400. Alilipa ushuru wa soko na kula chakula cha mchana, jumla shilingi 300 za Kenya, ambazo ni 8,100 za Uganda. Zimebaki 25,300. Kichwa kilisema 120,000.

Hakuna aliyemwibia. Kilichomla ni vitu vinne vidogo, na kikubwa kati ya hivyo ni kile ambacho hakikuwahi kuitwa gharama: kubadilisha fedha. Shilingi moja ya kiwango ilimtoa 39,200 za Uganda, zaidi ya usafiri, ambao bila shaka alibishana juu yake kwa dakika kumi.

Daftari la mpakani, kwa hiyo, halifanani na la dukani. Linahitaji safu ya fedha ya nchi moja na safu ya fedha ya nchi ya pili, kisha kiwango ulichopewa kweli siku ile, si kile kilichotangazwa redioni. Mwishoni mwa siku hesabu zote zirudi kwenye fedha moja, ile unayonunulia mzigo. Ukiandika hivyo kwa mwezi mmoja, utaanza kuona mambo. Utaona kuna siku za wiki ambazo kiwango huwa kibaya. Utaona kwamba kubadilisha mara moja kiasi kikubwa kunakupa nafasi ya kubembeleza bei, tofauti na kubadilisha kidogo kidogo kila jioni. Wengine wameona zaidi: badala ya kubadilisha fedha yote, sehemu ya shilingi za Kenya hununulia mzigo wa kurudi nao, sabuni au kitu kingine kinachotoka haraka upande wa nyumbani, na safari moja ikawa na faida mbili. Hapo pana hatari yake. Mzigo wa kurudi usipouzika, mtaji wa mayai umekaa kabatini kwa sura ya sabuni.

Jambo la pili ambalo daftari hufichua ni mkono wa nyumbani. Ada ya shule, msiba, unga wa jioni, vyote hutoka kwenye mfuko uleule wa biashara. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na anayechovya mara nyingi ni mwenye buyu. Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti walilinganisha wafanyabiashara waliofundishwa uhasibu kamili na wale waliopewa kanuni chache rahisi. Waliopewa kanuni rahisi ndio waliobadilika. Kanuni yenyewe ilikuwa hivi: droo moja ya fedha za biashara, droo nyingine za nyumbani, na ukihamisha fedha kutoka moja kwenda nyingine unaacha kikaratasi cha deni, ukijidai mwenyewe.

Anayevuka mpaka hana droo. Ana mikoba miwili, au leso mbili zilizofungwa mafundo tofauti. Si lazima ujinyime. Mwenye biashara naye hula. Jilipe kiasi kinachojulikana kila wiki, na kikipungua, deni liandikwe. Mwanzoni vikaratasi vitakuwa vingi hadi vikuchekeshe.

Mahindi, chumvi na kilo tano zisizoonekana

Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mipakani. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wengi sokoni waliichukulia kama siasa za nchi na nchi, na siasa haikukosekana. Lakini sumukuvu si hadithi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Kupika hakuiondoi.

Sumu hii hutokana na kuvu, na kuvu hupenda unyevu. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mfanyabiashara mzoefu hung'ata punje na kusikiliza mlio, au huingiza mkono ndani ya gunia. Ni ujuzi, lakini ni ujuzi wa kukisia. Ipo njia nyingine isiyotaka mashine, na vifaa vyake viko jikoni.

Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Chumvi ikaushwe vizuri, juani au kwenye kikaango, kisha ipoe. Jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15: usinunue, au nunua ukijua utaanika. Isipogandamana, yamepita kipimo hicho cha 15. Hayajafika lazima 13.5, kwa hiyo siku moja au mbili zaidi juani, juu ya turubai wala si juu ya ardhi, hazina hasara. Na chupa haipimi sumu. Inapima maji tu. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zichambuliwe kwa mkono, kwa maana huko ndiko sumu hujificha zaidi. Cheti cha maabara kinabaki pale pale.

Faida ya chupa hii haiishii kwenye afya. Ukinunua kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 na kuyakausha hadi 13.5, mizani itakuonyesha kilo 94.8. Kilo tano na kidogo zilikuwa maji, na uliyalipia bei ya mahindi. Kwa magunia kumi ni kilo 52, zaidi ya nusu gunia. Mwenye chupa anaweza kuyasema haya mbele ya muuzaji kabla bei haijakubaliwa. Ukiongeza na ile tabia ya lumbesa na debe lililobonyezwa tumbo, utaona kwa nini anayenunua kwa macho na kuuza kwa mizani hujikuta amefanya kazi ya bure. Kipimo cha unyevu cha kielektroniki kipo pia madukani, na kikundi cha watu kumi wakichangiana si kitu cha kuogopa.

Fomu unayoweza kuijaza mwenyewe

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia kukamilisha uanachama mwaka 2024. Kwa mfanyabiashara mdogo, kitu chenye maana kuliko idadi ya bendera ni utaratibu rahisi wa biashara: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, unavuka kwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa papo hapo mpakani na watu wa forodha. Kwa cheti hicho hulipi ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki, na mazao bado yanahitaji ukaguzi wa afya ya mimea.

Wengi bado hupita njia za panya. Nimewasikiliza kwa miaka na sababu zao zinaeleweka: foleni, lugha ya fomu, hofu ya sare. Hata hivyo njia ya panya nayo ina ushuru wake, unaolipwa gizani bila risiti, na siku mzigo ukikamatwa huna pa kulalamikia. Wako pia wanaomlipa mtu kila safari awajazie fomu ileile, mwaka baada ya mwaka. Fomu hiyo inauliza jina lako, mzigo wako, kiasi chake, thamani yake na ulikotoka. Mtu anayejua kuandika daftari la mayai hashindwi nayo. Omba ujazwe mara moja ukitazama, mara ya pili ujaze mwenyewe mbele ya mwenye uzoefu, na mara ya tatu umeshaokoa fedha ya wakala. Katika baadhi ya vituo kuna dawati la habari za biashara kwa wafanyabiashara wadogo; ndiko pa kuulizia kama bidhaa yako imo kwenye orodha.

Usizitupe nakala. Nakala thelathini za mwaka mmoja zinaonyesha umevusha nini, lini na kwa thamani gani. Kwa mtu asiye na mshahara wala hati ya kiwanja, huo ni ushahidi wa kwanza wa kumwonyesha mkopeshaji.

Naona wakuu wa vituo nao wana kazi hapa. Fomu iliyobandikwa ukutani, imejazwa kwa mfano wa mayai au mchele, kwa Kiswahili kinachosomeka, ingefanya kazi ya semina kadhaa. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Kuhusu vikundi sitasema mengi, maana kila msomaji ana chake: Kenya ni chama, Tanzania upatu au VICOBA, Rwanda ikimina, Kongo likelemba. Ninachotaka kugusa ni zamu za uongozi. Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa vyenye sanduku la kufuli tatu, ulioanzia Niger mwaka 1991, unagawa funguo kwa watu watatu tofauti ili hakuna anayefungua peke yake. Lakini katika vikundi vingi mweka hazina ni mtu yuleyule tangu siku ya kwanza, kwa kuwa anajua hesabu. Wengine hawatazijua kamwe kama hawashiki daftari. Kikundi kinachobadilisha mweka hazina kila mzunguko, wa zamani akikaa pembeni ya mpya kwa miezi miwili, kinazaa wenye hesabu wengi kwa mwaka kuliko mradi wowote wa wafadhili.

Turudi kwa wale wanawake wa Dandora, maana habari yao haikuishia kwenye asilimia 20. Watafiti waliendelea kuwafuatilia. Waliona kwamba kadiri vijana na dada zao wakubwa walivyoacha kukutana, ndivyo faida ile ilivyopungua. Bei za jumla hubadilika, muuzaji mzuri wa Januari huwa ghali Juni, na aliyeacha kuuliza alibaki na habari ya zamani. Wale walioendelea kuonana na viongozi wao waliendelea kunufaika, wakizungumza mambo yaleyale: nani ana mzigo leo, kwa bei gani, na yuko upande gani.